Dakika Nne za Kusimama

Siku Mkurugenzi alipoleta viatu vya kitambaa, darasa la dansi ya viatu vilivyopigiliwa vyuma lilikuwa katikati ya hatua iliyowatoa jasho wiki nzima: pangusa sakafu kwa ncha ya kiatu, gonga kisigino, badili mguu, rudia. Watoto walikuwa kumi na wanne, mdogo kabisa miaka saba, mkubwa kumi na sita. Walikuwa wamejipanga mistari mitatu katika chumba cha mwisho cha korido, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la kutoa kopi. Zamani chumba hicho kilikuwa stoo. Hakikuwa na kioo cha ukuta mzima kama ukumbi wa wacheza baleti. Kilikuwa na sakafu nzuri ya mbao, na Mwalimu wao alikuwa akisema hiyo inatosha, maana dansi hii husikilizwa kwanza, ndipo hutazamwa.

Mkurugenzi wa shule, mwanamke mrefu aliyewahi kucheza baleti mpaka kiuno kikamgomea, alisimama mlangoni na mfuko begani na spika ndogo mkononi. Alipiga makofi mara mbili. Miguu ikanyamaza, isipokuwa ya Punje, yule wa miaka saba, ambaye kila mara alimaliza sekunde mbili baada ya wenzake.

"Zimebaki wiki tatu kufika onyesho la mwaka," Mkurugenzi alisema. "Safari hii tutafanya tofauti. Mtacheza kwa viatu hivi." Akatoa mfukoni kiatu cheusi, laini kama soksi. "Sauti ya miguu itatoka kwenye spika."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Mvulana mmoja wa mstari wa kati, ambaye walimwita Wakili kwa sababu angeweza kubishana hata na saa ya ukutani, ndiye aliyefungua mdomo.

"Samahani, Mkurugenzi. Yaani watu watatuona sisi tunagonga, kumbe anayegonga ni spika?"

"Watu watasikia kitu safi, kilichonyooka. Mwaka jana mlisikika kama sufuria zinazoporomoka kwenye ngazi. Nilitamani ardhi inimeze. Mwaka huu wanakuja wageni ambao wakipenda wanachokiona, shule hii itapata jengo lake yenyewe. Sitaki kubahatisha."

Punje akainua mkono. "Na mimi nikikosea?"

"Ndiyo raha yake hiyo, mpenzi. Ukikosea hakuna atakayesikia."

Aliiweka spika juu ya kiti, akabonyeza. Sauti ikajaa chumbani: miguu miepesi, ya haraka, kama shanga zinazomwagika kwenye sinia, kila moja kwa zamu yake. Baadhi ya watoto walitabasamu kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

Msichana wa mwisho upande wa kulia, mstari wa mbele, hakutabasamu. Alikuwa na miaka kumi na mitano na pale shuleni aliitwa Nyundo. Jina hilo alilipata siku yake ya kwanza, akiwa na miaka tisa, alipoangusha kisigino kwa nguvu mpaka mwenye duka la kopi akajibu kwa kugonga dari na mpini wa ufagio. Watoto walimpa jina hilo kwa kumcheka. Yeye akalichukua. Baada ya mwaka mmoja, ukimwita pale kwa jina lake la nyumbani alikuwa hageuki.

Nyundo alikuwa anausikiliza mguu wa kushoto wa yule aliyerekodiwa. Ulikuwa unachelewa kidogo, kidogo sana, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Aliufahamu mguu ule. Alikuwa ameufuata kwa miaka sita.

Akamgeukia Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameegemea dirisha, anatazama nje, ingawa nje hapakuwa na kitu zaidi ya ukuta wa jengo la pili.

Watoto walipotoka, Nyundo alibaki nyuma akijifanya anafungua kamba.

"Ni wewe, Mwalimu. Kwenye spika."

"Ni mimi." Mwalimu alikaa kwenye benchi, akanyoosha goti lake bovu kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye mvi chache alizokataa kuzipaka rangi. "Aliniomba nirekodi. Nilidhani ni ya kuwasaidia mfanye mazoezi nyumbani. Jana ndiyo ameniambia."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia sipendi. Akaniambia sikuulizwa kama napenda." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mwanangu, nina goti moja bovu na la pili linaelekea huko huko. Hakuna shule nyingine katika mji huu inayofundisha kitu hiki. Nikigombana naye, chumba hiki kinarudi kuwa stoo. Cheza tu. Ni dakika nne. Zitapita."

"Miaka sita umetufundisha kusikiliza miguu yetu. Sasa unataka tuizime?"

"Sitaki. Nakuomba." Mwalimu alinyanyuka, akachukua mkoba wake. "Kuna tofauti."

Nyundo alishuka ngazi kwa vishindo. Alimpenda Mwalimu kuliko alivyompenda mtu yeyote ambaye si ndugu yake, na ndiyo maana alimkasirikia hivyo.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kona mbili kutoka shuleni, meza moja, kalibu za chuma za viatu vya ukubwa mbalimbali, makopo ya gundi na harufu ya ngozi iliyolowa. Ni yeye aliyewahi kupelekewa na Mwalimu viatu vya kutengeneza, akavigeuza, akaviona vile vibati vilivyopigiliwa kwenye ncha na kisigino, akauliza ni vya kazi gani. Mwalimu alimwonyesha pale pale, juu ya kipande cha mbao, mbele ya wateja. Nyundo alikuwa amekaa chini ya meza akifanya kazi ya shule. Alitoka huko chini na hakurudi tena. Tangu siku ile fundi ndiye aliyewapigilia vyuma karibu watoto wote wa darasa, kwenye viatu vyao vya kawaida vya shule, kwa sababu viatu vyenyewe vya dansi havikupatikana mjini.

Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila kuacha kushona. Hakuwa mtu wa maneno.

"Hivyo viatu vya kitambaa, soli yake ikoje?"

"Baba! Mimi nakwambia mambo ya maana, wewe unauliza soli?"

"Nauliza ninachokijua." Alikata uzi kwa meno. "Wenzako wanasemaje?"

"Hawajasema."

"Basi kaongee nao kabla hujaongea na mimi. Usije ukawa unapigana vita vya watu waliolala." Akakiweka kiatu chini, akamtazama. "Na ukifukuzwa?"

Neno hilo Nyundo alikuwa amelizunguka jioni yote bila kuligusa.

"Nikifukuzwa nitalia. Lakini sitarudi kukulaumu."

"Haya," baba yake alisema. Akachukua kiatu kingine.

Kesho yake, kabla ya mazoezi, Nyundo aliwakusanya wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo, penye harufu ya jasho la miaka mingi. Wadogo walikaa sakafuni, wakubwa kwenye mabenchi. Alisema alichotaka kusema kwa ufupi: yeye viatu vile hachezi navyo. Nani mwingine?

Wakili alikuwa na mpango tayari. "Rahisi. Fundi wa sauti akigeuka, tunachomoa waya. Spika kimya. Tunaingia na vyuma vyetu, tunaokoa onyesho, tunaonekana mashujaa."

Wengine walishangilia. Nyundo alitikisa kichwa.

"Tukichomoa waya watasema umeme ulikatika. Mimi sitaki ionekane bahati mbaya. Nataka waone tumekataa."

"Sasa tukatae vipi? Tuandamane?"

"Tusimame," alisema Punje.

Wote wakamtazama. Alikuwa anang'ang'ana na jino lake la mbele lililokuwa likicheza.

"Kama mchezo wa sanamu," alieleza. "Muziki ukilia, sisi tunasimama tu. Ukiisha, tunacheza."

Kisha Wakili akasema taratibu, "Huyu mtoto ni hatari," na hapakuwa na haja ya kuongeza neno.

Walikubaliana mmoja mmoja. Watoto wawili waliogopa, wakauliza kama wazazi wao watajua, wakaambiwa ndiyo, watajua, watakuwa wamekaa pale pale wanatazama. Wakafikiri, wakakubali. Akabaki mmoja, msichana wa miaka kumi na sita, mcheza dansi bora kuliko wote darasani. Walimwita Bintidaktari kwa sababu mama yake alikuwa daktari wa meno na pia mjumbe wa kamati ya shule.

"Mimi nitacheza," alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Msinitazame hivyo. Sitasema kwa mtu. Lakini mama yangu ndiye aliyewaalika wale wageni. Nimemwahidi. Nitacheza na viatu vya kitambaa, peke yangu ikibidi."

"Utaonekana kichekesho," Wakili alimwambia.

"Na wewe utaonekana nguzo. Kila mtu na lake."

Nyundo alitaka kumjibu vibaya, akajizuia. Alijua kwamba yeye mwenyewe, angekuwa ameahidi, pengine angefanya vile vile. Alimwambia tu, "Sawa."

Wiki tatu zile walifanya mazoezi na viatu vya kitambaa bila kulalamika, wakapeana pole kwa macho. Mkurugenzi alipita mara mbili, akasema wameanza kukua. Katika wiki ya mwisho fundi viatu alipokea jozi kumi na tatu za viatu vya shule, moja moja, kila mwenye navyo akisema vyuma vimelegea. Vingi havikuwa vimelegea. Alivikaza vyote, akavipaka rangi, hakuuliza.

Onyesho lilifanyika Jumamosi, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa mikutano wa mji. Viti vilijaa. Wazazi walisimama hata ukutani. Mwenye duka la kopi naye alikuwapo, amepewa kadi ya mwaliko kama njia ya kumtuliza, amekaa katikati na shati la pasi. Mstari wa mbele kabisa walikaa wageni wa Mkurugenzi, wanaume wawili na mwanamke mmoja, na pembeni yao daktari wa meno.

Wacheza baleti walimaliza, wakapigiwa makofi. Taa zikazimwa, zikawashwa. Watoto kumi na wanne wakatoka na viatu vyeusi vya kitambaa, wakasimama mistari mitatu. Nyuma yao, chini ya pazia la nyuma, palikuwa na safu ya viatu vya shule vinavyong'aa. Kutoka kwenye viti ungedhani ni pambo.

Spika zikaanza. Sauti nzuri ya miguu ya Mwalimu ikajaa ukumbini.

Watoto kumi na watatu hawakusogea.

Walisimama mikono chini, macho mbele. Bintidaktari alianza kucheza. Alicheza kama alivyosema, peke yake, katikati ya wenzake, mabega yamelegea vizuri, uso mtulivu. Kwa nusu dakika watu walidhani ndivyo ilivyopangwa, kwamba yeye ni nyota na wale wengine watazinduka baadaye. Mtu mmoja hata alipiga makofi.

Nyundo aliwaza mambo ya kijinga: kwamba pua inamwasha, kwamba Punje atacheka. Dakika nne darasani zilikuwa hazitoshi hata kufunga kamba. Pale juu zilikuwa hazina mwisho. Alimwona Mkurugenzi akisimama ubavuni mwa jukwaa, mdomo wazi, akitoa ishara kwa mkono: chezeni, chezeni. Hakumtazama tena.

Ndipo Bintidaktari akateleza. Kile kitambaa hakikushika ubao uliopigwa nta. Mguu wake wa kulia ulikimbia na akaangukia goti. Akabaki hapo, mkono mmoja chini.

Spika ziliendelea kugonga. Pangusa, kisigino, badili, pangusa, kisigino, badili, haraka na safi, na jukwaani hapakuwa na mguu hata mmoja uliokuwa unatembea.

Ukumbi mzima ulielewa kwa wakati mmoja. Ulisikika mguno, kisha kicheko sehemu fulani, kisha watu wakaanza kugeuziana shingo. Bintidaktari aliinua uso na Nyundo akauona: ulikuwa umeungua kwa aibu. Hilo hawakulipanga. Nyundo alivunja mstari wake, akaenda, akamshika mkono na kumnyanyua.

"Niache," Bintidaktari alimwambia kwa meno yaliyofungwa, akatoka jukwaani akichechemea. Nyundo alirudi mahali pake, akasimama tena. Sauti iliendelea dakika moja nzima, kisha ikakatika.

"Sasa," Punje akanong'ona, kwa kunong'ona kule kwa watoto ambako kunafika mpaka mlangoni.

Waligeuka wote, wakaenda nyuma, wakakaa sakafuni mbele ya watu mia tatu na kuanza kuvua viatu vya kitambaa. Waliviweka kando jozi kwa jozi. Wakavaa vyao. Kufunga kamba kulichukua muda, na katika muda huo mambo mengi yalitokea ubavuni mwa jukwaa. Mkurugenzi alimwamuru mtu wa pazia ashushe. Mtu wa pazia alinyoosha mkono kwenye kamba. Kabla hajaigusa, mkono mwingine, mwembamba, ulikuwa umeishika.

"Subiri," Mwalimu alisema.

"Mwalimu, achia hiyo kamba," Mkurugenzi alisema.

"Sitaachia."

"Unajua unachokifanya?"

"Ninajua. Nimechelewa wiki tatu, lakini najua." Alikuwa ameizungusha kamba kwenye kiganja, na uzito wote wa mwili wake mdogo ulikuwa juu yake. "Watoto wanafunga kamba za viatu. Waache wamalize."

Kisha akawahesabia, kwa sauti ya darasani, bila kujali nani anasikia. "Tano, sita, saba, nane."

Wakagonga.

Haikuwa safi. Mstari wa nyuma ulianza kabla ya wakati, wa kati ukaukimbiza, na kwa hatua nane za kwanza kweli walisikika kama vyombo vinavyoanguka. Kisigino cha Nyundo kilisikika juu ya vyote. Lakini kilishuka pale pale kilipotakiwa, kila mara, na wengine wakakishika kama watu wanaovuka mto wanavyomshika aliye mbele. Kufika hatua ya ishirini walikuwa pamoja. Mbao za jukwaa zilitetemeka mpaka miguuni mwa waliokaa mbele. Kamba ya Punje ilifunguka, kiatu kikamtoka. Aliendelea na kimoja, chuma, soksi, chuma, soksi, uso umekunjamana kwa bidii. Wakili alikuwa anacheka waziwazi. Walipopiga kile kipigo cha mwisho, Punje alikipiga sekunde mbili baadaye, peke yake, na ukumbi ukalipuka.

Si wote. Wapo waliokunja mikono. Mgeni mmoja wa Mkurugenzi aliinuka na kutoka. Daktari wa meno alikuwa ameondoka zamani kumtafuta binti yake. Mwenye duka la kopi alikuwa amesimama juu ya kiti, akimwambia jirani yake kwa sauti, "Hawa nawasikia kila siku ya Mungu, leo ndiyo nimewaona!"

Nyundo hakungoja makofi yaishe. Alimkuta Bintidaktari kwenye ngazi za nyuma ya ukumbi, goti limewekewa kitambaa kilicholowa, mama yake kamshika bega.

"Nimekuja kukuomba radhi," Nyundo alisema, bado anahema. "Kwa kukuacha pale peke yako. Nilipaswa kuja mapema."

"Si nilisema peke yangu?"

"Ulisema. Hata hivyo."

Daktari wa meno alitaka kusema jambo kali, ilionekana, lakini binti yake alimtangulia. "Umechelewa kubadili mguu kwenye ile hatua ya tatu," alimwambia Nyundo. "Nilisikia hadi huku." Akageuza uso.

Jumatatu barua ikafika. Nyundo amesimamishwa masomo mpaka atakapoandika barua ya kuomba msamaha kwa wageni wa shule. Wengine walipewa onyo. Mwalimu aliitwa ofisini, akakaa humo saa nzima, akatoka akiwa bado na kazi, lakini ameambiwa darasa litapitiwa upya mwisho wa muhula.

Fundi viatu alifunga kibanda mchana, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaongozana na binti yake hadi kwa Mkurugenzi. Alikaa, mikono yake yenye madoa ya gundi juu ya magoti.

Mkurugenzi hakupiga kelele. Alionekana hajalala.

"Miaka kumi na tisa," alimwambia Nyundo. "Nilianza na vyumba viwili vya kupanga. Kila mwaka mwenye jengo ananikumbusha kwamba anaweza kunitoa. Wale watu walikuwa wanitoe kwenye shida hiyo. Hawajapiga simu. Unajua umeniharibia nini?"

"Najua, Mkurugenzi. Na pole. Nasema kweli."

"Basi andika hivyo."

"Naweza kuandika pole. Siwezi kuandika nimekosa." Nyundo alikuwa amepanga maneno mengi njiani, yote yakamtoroka, akasema yaliyobaki. "Ulituambia tukikosea hakuna atakayesikia. Mimi nataka nikikosea nisikike. La sivyo, hata nikipatia sijui kama ni mimi. Wa kuombwa radhi alikuwa Bintidaktari, nimeshamwomba. Mwingine simwoni."

"Unajiona mkubwa, eh? Mzee, unamsikia mtoto wako?"

Fundi alikohoa. "Namsikia," alisema. "Toka azaliwe, huyu anasikika." Ilikuwa sentensi yake pekee siku ile, na alipoinuka alishikana mikono na Mkurugenzi kwa heshima zote.

Zilipita wiki tano. Nyundo hakuandika. Kila siku ya mazoezi alikaa kibandani kwa baba yake akipanga misumari, na saa ya darasa ilipofika aliinuka akaenda kusimama kwa mwenye duka la kopi, chini ya chumba chao, akawasikiliza. Alilia mara mbili, kama alivyosema atalia, mara zote mbili nyuma ya mashine ya kopi. Mwenye duka alijifanya anatafuta karatasi. Alimsikia Punje akichelewa. Alimsikia Bintidaktari, ambaye hakuacha darasa, akiwa imara kama zamani.

Wiki ya sita sauti zilikuwa tofauti. Wapo waliokuwa wanagonga na wapo waliokuwa wamenyamaza. Kisha zote zikakoma. Baadaye Wakili alimweleza: Mkurugenzi aliingia katikati ya mazoezi kuwatangazia kwamba nafasi ya Nyundo mstari wa mbele atapewa mtu mwingine, akamtaja Bintidaktari. Bintidaktari akasema hapana, asante. Akamtaja wa pili. Naye akasema hapana. Wa tatu ikawa hivyo hivyo. Mkurugenzi aliwazungushia macho wote kumi na watatu, akatoka bila kufunga mlango.

Jioni ile ujumbe ulimfikia fundi viatu kwenye simu. Ulikuwa na maneno machache. Mtoto anaweza kurudi Jumatano. Atasimama nyuma mpaka mwaka upinduke. Barua haikutajwa.

Jumatano Nyundo alipanda ngazi mbili mbili. Wageni hawakuwa wamepiga simu, na jengo halikuja mwaka ule; kama ni kwa sababu ya watoto au kwa sababu zao wenyewe, hakuna aliyejua. Mwalimu alikuwa amesimama katikati ya chumba, goti limefungwa bandeji, anahesabu. Hakusimamisha hesabu kwa ajili ya mtu. Alimwonyesha Nyundo tu kwa kidevu: nyuma, kushoto, karibu na ukuta.

Nyundo akaenda. Alishika hatua pale ilipofikia, akaangusha kisigino, na chini mpini wa ufagio ukajibu mara mbili, kwa furaha safari hii au kwa hasira, vigumu kujua. Mlangoni alitokea Mkurugenzi na funguo mkononi. Alisikiliza kwa muda, nyusi zimekunjwa.

"Bado una mguu mzito," alisema.

"Ndiyo, Mkurugenzi," Nyundo alijibu, na hakupunguza.